Ziara ya makumbusho kwa simu, kila mgeni na njia yake: mwongozo wa hatua kwa hatua, mfano Bagamoyo

Maswali ni yale yale kila mara. Lazima tutengeneze programu yetu ya simu? Itagharimu shilingi ngapi? Asiye na bando tumfanyeje? Waongoza watalii si watakosa kazi? Wanaouliza ni walimu wa historia, vijana wanaojitolea kwenye makumbusho madogo, na waongozaji wenyewe wa Bagamoyo ambao wamechoka kurudia maelezo yale yale kwa makundi yasiyofanana. Nimeyakusanya majibu hapa ili anayetaka kuanza aanze wiki hii.

Majibu mafupi kwanza. Programu maalumu haihitajiki; kurasa chache za tovuti, sauti zilizorekodiwa kwa simu na vibao vyenye msimbo wa QR (mchoro wa mraba ambao kamera ya simu huusoma na kufungua ukurasa) vinatosha. Gharama kubwa ni muda wa kuandika vizuri. Asiye na bando ana njia yake, iko hatua ya 9. Na mwongozaji hakosi kazi, kwa sababu bila yeye hutakuwa na cha kurekodi.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Simu haimjui mgeni. Mtu aliyetoka Tabora, ambaye huenda babu wa babu yake alifika pwani hii na pembe ya ndovu begani, si sawa na mwanafunzi wa darasa la sita anayesubiri kengele ya chakula, wala si sawa na mzee wa Bagamoyo anayemleta mjukuu wake. Ili kila mmoja apate chake, lazima umuulize kwanza, kisha uwe tayari kuacha mambo mengine bila kuyasema.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Kibali cha maandishi kutoka kwa wanaosimamia eneo. Majengo na magofu mengi ya Bagamoyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hata kibao kidogo hakiwekwi bila ruhusa. Kwa makumbusho ya misheni, zungumza na Wamisionari wenyewe.
- Simu janja moja yenye kinasa sauti kizuri, na hedifoni za kusikiliza ulichorekodi.
- Kompyuta, hata ya kuazima, ya kukatia sauti. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa.
- Tovuti yenye anwani fupi unayoimiliki wewe au taasisi. Usitegemee akaunti binafsi ya kijana mmoja ambaye mwakani atahamia Dodoma.
- Stesheneri inayochapa vizuri na kupiga laminesheni, na fundi seremala wa kutengeneza standi.
- Watu watatu: anayejua kuandika, mwenye sauti ya kusikilizika, na mwongozaji aliyefanya kazi mahali hapo kwa miaka mingi. Huyu wa tatu mlipe.
- Daftari.

Hatua ya 1. Chagua eneo moja na vituo visivyozidi nane

Usianze na Bagamoyo nzima. Chagua makumbusho ya misheni na eneo lake, au Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, au magofu ya Kaole, au matembezi ya Mji Mkongwe kutoka Ngome Kongwe hadi Boma la Wajerumani lililojengwa 1897. Zunguka na mwongozaji wako, umwambie akuonyeshe mahali ambapo wageni husimama wenyewe bila kuambiwa. Hapo ndipo vituo vyako. Kitu ambacho watu wanakipita kila siku hakitapendwa kwa sababu umekibandikia msimbo.

Hatua ya 2. Kaa mlangoni usikilize

Chukua siku mbili tatu, moja iwe ya wikendi na moja ya shule kuja. Usihoji mtu. Andika tu maswali wanayoulizana wao kwa wao, lugha wanazozungumza, wanakaa dakika ngapi, na wanatoka wakisema nini. Maswali hayo ndiyo utakayoyajibu kwenye sauti. Wengi huruka hatua hii, matokeo yake wanaandika insha ya historia ambayo hakuna aliyeiomba.

Hatua ya 3. Tunga maswali matatu ya kuanzia

Ukurasa wa kwanza atakaouona mgeni usiwe na historia yoyote. Uwe na maswali yenye vitufe vikubwa:

Una muda gani? (Nusu saa. Saa moja au zaidi.)

Umekuja na nani? (Peke yangu au na watu wazima. Na watoto. Na darasa.)

Unatokea wapi? (Bagamoyo na jirani. Bara: Tabora, Kigoma, Dodoma, Singida. Zanzibar na visiwa. Nje ya nchi.)

Swali la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloachwa na miongozo mingi. Njia ya misafara ilianzia hapa ikaenda zaidi ya kilomita 1,000 hadi Ujiji, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Mgeni wa Tabora akisimama Caravan Serai, mwanzie na njia ya kwao. Wa Zanzibar mwanzie na majahazi. Mwenyeji mwanzie na mtaa anaoufahamu. Kitu ni kile kile, mlango wa kuingilia ndio tofauti.

Onyo: asiwepo mtu mapokezi wa kumkadiria mgeni kwa sura au mavazi, kisha ampe njia anayodhani inamfaa. Achague mwenyewe, na awe huru kubadilisha katikati ya safari.

Onyo la pili: usiulize jina, namba ya simu wala barua pepe. Huzihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ukikusanya taarifa za watu unajitwika wajibu wa kuzilinda. Muda alionao mgeni na mkoa anaotokea vinatosha, na hata hivyo havihitaji kuhifadhiwa popote zaidi ya kwenye simu yake.

Hatua ya 4. Andika maelezo, kituo kwa kituo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tenga muda mrefu kuliko hatua nyingine zote zikiwekwa pamoja.

Kila kituo kiwe na sauti moja ya wote, isiyozidi dakika moja na nusu, na chini yake vitufe viwili au vitatu vya kuendelea. Sauti ya wote ianze kwa kuelekeza macho: tazama juu ya mlango, sogea kushoto, gusa nguzo hii lakini ile usiiguse. Mgeni akisikia tarehe kabla hajaona kitu, macho hubaki kwenye kioo cha simu.

Tuchukue mnara wa kanisa la kwanza la misheni, ambao watu huuita Mnara wa Livingstone. Mwili wa David Livingstone ulifikishwa Bagamoyo tarehe 24 Februari 1874 na kulazwa hapo kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Kwa mnara huo mmoja unaweza kuandika hivi:

Kwa watoto: "Simama chini ya mnara utazame juu. Zamani, watu walifika hapa wamebeba mwili wa rafiki yao. Alifariki mbali, nchi ambayo leo ni Zambia, nao hawakutaka kumwacha. Wawili kati yao waliitwa Susi na Chuma. Safari iliwachukua miezi mingi, kwa miguu. Mwulize uliyekuja naye: wewe ungembeba nani umbali kama huo?"

Kwa darasa lenye mtihani: Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa 1868 na Wamisionari wa Roho Mtakatifu. Livingstone alifariki Mei 1873. Mwezi uliofuata Sultani Barghash wa Zanzibar alisaini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Utumwa wenyewe ulifutwa Zanzibar 1897, na Tanganyika 1922. Wanafunzi wanapenda kupata miaka kwa mpangilio, wape, na uwape nafasi ya kusimamisha sauti waandike.

Kwa mtu mzima mwenye muda: zungumzia waliobeba. Jacob Wainwright alichonga maandishi kwenye mti pale Livingstone alipofia, akasafiri na mwili hadi Uingereza na kuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yakiwa yameshapita. Wengine wengi wa msafara ule majina yao hayatajwi kabisa. Mwache mgeni akae na hilo kidogo, weka ukimya wa sekunde tano ndani ya sauti.

Umeona kwamba sijakata maelezo marefu kuyafanya mafupi. Kila toleo limeandikwa upya kwa mtu wake. Ukichukua maandishi ya watu wazima ukafuta sentensi mbili ili yawe ya watoto, mtoto atajua kwamba hukumkusudia yeye.

Vituo vya utumwa vinahitaji uangalifu wa pekee. Ukiwa mbele ya minyororo, usimwelezee mtoto wa miaka minane namna ilivyoumiza mwili. Mwambie ilitumika kuwafunga watu wasirudi makwao, na kwamba walikuwa na mama na baba kama yeye. Kwa mtu mzima sema wazi, bila kupamba. Kwa mgeni kutoka Marekani anayefuatilia asili yake, mheshimu kwa kumweleza ukweli: watu waliopitishwa pwani hii wengi walipelekwa Zanzibar na Pemba kwenye mashamba ya karafuu, wengine Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na visiwa vya Bahari ya Hindi, ilhali mababu wa Waafrika wengi wa Marekani walichukuliwa kutoka upande wa Atlantiki. Maumivu yake ni halali bila wewe kumtengenezea hadithi. Na kwa mwenyeji, kumbuka kwamba wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza wanaishi mji huu mmoja, wanasali pamoja na wameoana. Andika kama unayejua kwamba wote watasikiliza.

Usalama wako ni kuandika kile tu unachoweza kukitetea. Pale misheni kuna mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Wageni wakiuona husema moja kwa moja kuwa ni wa watumwa, na wengine huondoka wakilia. Lakini inavyosimuliwa na misheni yenyewe, ni mnyororo wa kufungia punda wa Madame Chevalier, mama aliyehudumu pale misheni zamani. Ukiacha wageni waendelee kuamini lile la kwanza kwa sababu linagusa moyo, umeharibu vituo vyako vyote, maana siku watakapojua hawatakuamini hata penye ukweli.

Kaole ni vivyo hivyo. Magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya matumbawe si mapambo. Wapo watu wanaokwenda kuzuru na kuomba. Kituo cha makaburini kianze na adabu: punguza sauti, usikanyage, usikae juu ya kaburi. Ningependelea hapo mgeni avae hedifoni au asome maandishi tu.

Mambo madogo ya uandishi: sentensi fupi, jambo moja kila sentensi. Andika Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza na lugha nyingine ziandikwe kwa wageni wake. Ukianza na Kiingereza ukatafsiri, Kiswahili kinatoka kigumu na mwenyeji anajiona mgeni nyumbani kwake.

Hatua ya 5. Rekodi

Tafuta chumba kidogo chenye nguo nyingi: magodoro, mapazia, khanga zilizotundikwa. Kuta tupu zinarudisha mwangwi. Funga madirisha, zima feni, weka simu ya kurekodia kwenye hali ya ndege. Ishike shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi p na b zisipulize kwenye kinasa. Alfajiri baada ya swala, kabla bodaboda hazijaamka, ni wakati mzuri. Usirekodi ufukweni ukidhani mawimbi yatapendeza. Upepo wa bahari unameza maneno. Ukitaka mawimbi, yarekodi peke yake kisha yaweke chini chini baadaye.

Sauti za watoto zisomwe na kijana. Masimulizi ya mji yasomwe na mzee wa mji, kwa lafudhi yake. Kabla ya kurekodi, msomaji asaini karatasi moja inayoeleza sauti yake itatumika wapi, kwa muda gani na amelipwa nini. Mpe nakala.

Hatua ya 6. Punguza uzito wa faili

Bando la mgeni ni fedha yake. Hifadhi sauti kwa MP3, mono (mkondo mmoja wa sauti), kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho dakika moja ni kama kilobaiti 480, na sauti ya dakika moja na nusu ni kama 720. Vituo vinane, sauti moja kila kituo, ni chini ya megabaiti 6. Maneno ya mtu akizungumza hayahitaji stereo wala ubora wa muziki.

Majina ya faili yawe ya mpangilio: 01-wote, 01-watoto, 01-darasa. Usiweke nafasi wala herufi kubwa.

Hatua ya 7. Tengeneza kurasa

Ukurasa mmoja kwa kila kituo. Juu kabisa namba na jina la kituo, kisha picha moja ndogo ya kitu chenyewe ili mgeni ajue amesimama mahali sahihi, kisha kitufe cha kusikiliza, kisha vitufe vya matoleo mengine, na chini maandishi kamili ya kile kinachosemwa. Maandishi hayo ni kwa kiziwi, kwa aliyesahau hedifoni, na kwa yule anayesoma haraka kuliko kusikiliza.

Kuna kitendawili hapa ambacho wanaoanza hawakioni hadi vibao viwe vimeshachapwa. Msimbo ni mmoja kituoni, lakini njia ni tatu. Ukurasa utajuaje afungue ipi? Ukiwa na fundi wa tovuti, mwambie chaguo la mgeni lihifadhiwe kwenye kivinjari cha simu yake, ili kila kituo kifunguke kwa toleo lake. Usipokuwa naye, weka vitufe vya matoleo yote kwenye kila kituo. Ni bonyezo moja zaidi, na hakuna atakayelalamika.

Mwambie fundi pia sauti isipakuliwe hadi mgeni abonyeze, wala isianze yenyewe. Chumba kimoja chenye simu kumi zinazoongea kwa pamoja ni kero.

Kama huna fundi kabisa, kuna jukwaa liitwalo izi.TRAVEL linaloruhusu makumbusho kuweka ziara za sauti bila malipo, na mgeni anaweza kuipakua mapema. Kasoro yake ni kwamba ili aipakue, mgeni lazima aweke programu yao. Matembezi ya mji yanaweza kutumia GPS ili sauti ijiwashe mtu akifika, lakini ndani ya vyumba vya mawe usiitegemee. Hata mahali pa wazi simu hukosea kwa mita kama tano, na ndani ya jengo mita tano ni chumba kingine.

Hatua ya 8. Chapa misimbo na uweke vibao

Msimbo uwe mweusi juu ya nyeupe. Wapo wanaochapa kahawia juu ya rangi ya maziwa ili ufanane na jengo, na kamera hazisomi. Acha ukingo mweupe pande zote. Kipimo: umbali wa kusimama gawanya kwa kumi. Atakayesimama nusu mita anahitaji msimbo wa sentimita 5, wa mita moja sentimita 10. Anwani ikiwa fupi, msimbo unakuwa na vijiraba vichache na unasomeka upesi. Programu ya kutengeneza msimbo ikikuuliza kiwango cha kusahihisha makosa, chagua Q au H. Kiwango H hustahimili hadi asilimia 30 ya msimbo kuchafuka au kukwaruzika, na kwa vumbi na jua la Bagamoyo utakihitaji.

Onyo kubwa: zipo tovuti zinazokupa msimbo "wa bure" ambao kwa kweli unapitia kwenye anwani yao. Kipindi cha majaribio kikiisha, vibao vyako vyote vinafungua tangazo la kulipia. Tengeneza msimbo unaokwenda moja kwa moja kwenye anwani yako.

Chini ya msimbo andika namba ya kituo kwa tarakimu kubwa na anwani fupi, kwa ajili ya simu ambayo kamera yake haisomi.

Usibandike chochote ukutani. Kuta za matumbawe na chokaa zinapumua unyevu na chumvi. Gundi haikai, na ikitoka inabandua lipu ya zaidi ya miaka 100. Tumia standi ya mbao inayosimama yenyewe, urefu wa kiuno cha mtu mzima, ili mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu nao wafikie. Iweke kando ya kitu, isiwe mbele yake.

Hatua ya 9. Waandalie wasio na bando, na wenye kitochi

Njia tatu, chagua inayokufaa.

Ya kwanza ni Wi-Fi ya mapokezi. Mgeni afungue ukurasa mmoja unaopakua njia yake yote, kisha atembee bila intaneti. Ni megabaiti chache, haichukui muda.

Ya pili ni simu za kuazima. Kusanya simu janja za zamani zinazofanya kazi, zifute kila kitu, weka faili za sauti kwa mpangilio wa namba, ziache kwenye hali ya ndege. Nunua hedifoni za kufunika masikio zinazofutika kwa kitambaa. Tano zinatosha kuanzia.

Ya tatu, ambayo kwa darasa la wanafunzi 40 naiona bora kuliko zote, ni simu moja na spika ndogo mkononi mwa mwalimu au mwongozaji. Anacheza sauti, anasimamisha, anauliza swali, anaendelea.

Hatua ya 10. Jaribu na watu wasiokuonea haya

Tafuta mzee asiyependa simu, mwanafunzi, na mtu ambaye hajawahi kufika Bagamoyo. Wape simu, kaa nyuma, usiseme neno. Tazama wanakwama wapi. Tazama pia macho yao: yakiwa kwenye simu muda wote, rudi hatua ya 4 uongeze maelekezo ya kutazama na upunguze picha kwenye ukurasa. Chapa vibao vya kudumu baada ya hapo tu. Vya majaribio viwe karatasi.

Baada ya kuzindua, angalia kila mwezi kurasa zilizofunguliwa mara chache na uwaulize waongozaji sababu. Mara nyingi kibao kimefichwa na mlango uliofunguliwa.

Ikigoma

*Kamera haisomi msimbo.* Futa vumbi kwenye lenzi na kwenye kibao. Laminesheni inayong'aa hurudisha mwanga wa jua. Inamisha standi kidogo au tumia laminesheni isiyong'aa. Simu ni ya zamani? Aandike anwani fupi.

*Ukurasa unafunguka, sauti haitoki.* Kwanza kabisa, sauti ya simu imezimwa. Pili, hedifoni za Bluetooth zimeunganishwa na simu nyingine. Tatu, faili imehamishwa jina. Herufi moja kubwa inatosha kuipoteza.

*Ndani ya jengo mtandao unapotea.* Kuta nene ndivyo zilivyo. Weka kituo cha kupakulia nje, kabla ya mlango, na uandike hivyo kwenye kibao cha kwanza.

*Vituo vya mwisho havisikilizwi.* Watu wamechoka. Usiongeze muziki. Punguza vituo, au sogeza kituo chenye uzito mbele.

*Familia moja, simu moja, watoto wanagombania.* Toleo la watoto liwe na kazi ya mikono miwili: mmoja anashika simu, mwingine anatafuta alama kwenye nguzo, kisha wanabadilishana kituo kinachofuata.

*Mzee wa mji anasema kituo fulani kimekosea.* Zima sauti hiyo siku hiyo hiyo; ndiyo faida ya kutumia tovuti yako mwenyewe. Kaa naye, rekodi maelezo yake, yalinganishe na ya wengine na maandishi yaliyopo. Zikibaki simulizi mbili zenye uzito sawa, weka zote mbili, kila moja na kitufe chake, na useme ni simulizi.

*Waongozaji wanaona wameporwa kazi.* Walipaswa kuwa mezani tangu hatua ya 1. Kama hawakuwapo, waite sasa. Kila ukurasa wa kituo uwe na kitufe kimoja zaidi, "Nataka kuzungumza na mwongozaji", kinachopiga simu ya ofisi yao. Maswali wanayoulizwa baada ya hapo yaandikwe kwenye lile daftari, na yanayojirudia yarekodiwe kwa sauti zao na kulipiwa.